Mtu Aliyeuliza "Lini"

Mpangaji wetu wa ghorofani hakuwahi kumwuliza mtu kama anaumwa. Alisema swali hilo halina faida Moroni, kwa sababu jibu lake ni moja tu, alhamdulillahi, na anayejibu anaweza kuwa amelala mkekani hana nguvu hata ya kufukuza nzi. Yeye aliuliza mambo mengine. Kuku wametaga? Wali wa jana mliupikia maji ya wapi? Nani alikuja kuwapa pole, na mlimpa nini mkononi? Akikaa barazani kwa mtu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, anaondoka anajua nyumba ile ina wagonjwa wangapi, wamelala upande gani, na nani anamwaga ndoo yao.

Nimekaa miji mingi tangu wakati ule, Unguja, Tanga, Mombasa, na Unguja tena, na kila mji nimekuwa mpangaji wa watu. Labda ndiyo sababu namkumbuka sana yeye aliyekuwa mpangaji kwetu. Kwetu ni Badjanani, nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ambako vichochoro ni vyembamba hata watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Jina lake silitaji. Nitamwita Bwana Afya, kama Waswahili wanavyomwita mtu wa kazi yake, kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo: ugonjwa ukizuka mahali, ofisi inamtuma akatafute umetokea wapi. Maneno yote nitakayoyaandika hapa yalisemwa kwa Kikomoro. Mimi nimeyavika Kiswahili tu.

Alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuani, ambako mito inashuka kutoka milimani mpaka mjini na wanawake wanafulia humo. Kwetu Ngazidja, kisiwa cha Moroni, hatuna mto. Mvua ikinyesha, mlima unainywa yote, na sisi tunabaki na ile tuliyowahi kuikinga juu ya paa. Kwa hiyo nyumba zetu za zamani zina mabirika. Sisemi birika la chai. Nasema tangi la mawe na chokaa lililojengwa uani, lenye mdomo mdogo juu, ambalo babu anamwachia mjukuu. Mtu mwenye birika zuri Moroni alikuwa mtu wa kusalimiwa.

Bwana Afya hakuacha kututania kwa hilo.

"Mnakunywa mvua ya mwaka jana," alimwambia mama yangu siku ya kwanza alipopewa maji.

"Na nyinyi mnakunywa mto aliokwisha kuogea mwenzenu wa juu," mama akamjibu. "Afadhali mimi. Mimi najua maji yangu yamepita juu ya paa la nani."

"Hilo ni jibu la mkaguzi, bweni. Nitakutafutia kazi ofisini." Bweni kwetu ni bibie.

"Nitafutie kodi yako kwanza."

Wakawa marafiki tangu siku hiyo. Mama alimpa chumba cha juu chenye dirisha la kuelekea msikitini, na yeye akakijaza moshi wa sigara. Ndiyo, alivuta. Mtu aliyewafuata wauza samaki akiwaambia wanawe mikono, yeye mwenyewe alikuwa na vidole vya manjano kama manjano ya mchuzi. Aliogopa damu. Walipochanja watu mtaani kwetu alisimama kwenye foleni akihimiza wazee, na ilipofika zamu yake akafumba macho na kumshika mama bega. Alipenda vyakula vya barabarani alivyowakataza watu, mishikaki hasa, na alipoulizwa alisema anachunguza.

Na imamu wa msikiti wetu mdogo wa mtaani hakumpenda, kwa sababu Bwana Afya alikuja na unga wake mweupe na kuutia katika maji ya udhu. Maji yakanuka.

"Unatutawadhisha kwa dawa ya kufulia?" imamu alimwuliza mbele ya watu.

"Maji yakinuka dawa, Fundi, udhu haubatiliki." Fundi kwetu ni mwalimu wa dini.

"Nani amekwambia?"

"Sijui. Lakini ukifa unabatilika, hilo najua."

Watu walicheka mpaka imamu naye akacheka, ila hakumsamehe.

Alikuwa na neno lake moja ambalo mtaa mzima ulikuwa ukimwigizia. "Usiniambie nani. Niambie lini." Alilisema kwa lafudhi ya Nzuani, kidole juu, na vijana wa bangwe, pale uwanjani wanaume wanapokaa jioni, walilitumia kwa mambo yote, hata kwa habari za wachumba. Lakini yeye hakuwa akitania. Aliwahi kunieleza nikimsaidia kupandisha kitanda. Mahali penye ugonjwa, alisema, kila mtu ana jina mdomoni. Watamtaja mgeni aliyeshuka na meli, watamtaja mwanamke mwenye jicho baya, watamtaja jirani ambaye wana ugomvi naye wa mpaka tangu enzi za wazee. Ukifuata "nani" utafika kwenye ugomvi. Ukifuata "lini" utafika kwenye maji. Fulani alianza kuharisha kabla ya Alasiri au baada? Kabla ya mchele wa meli hii au ile? Alipanga watu kwa saa zao kama mtu anavyopanga shanga, na uzi ukishapita, alisema, unaona mwenyewe shanga ya kwanza ilikuwa wapi.

Nasema haya ili ieleweke kwamba aliijua kazi yake. Alikosea mara moja ninayoijua mimi.

Mwaka wa uhuru kipindupindu kilifika Moroni. Mji ulikuwa umejaa bendera mpya na nyimbo, na watu walikuwa wakishindana nani atamtukana Mfaransa vizuri zaidi, na katikati ya furaha ile wakaanza kufa. Sitaki kuueleza ugonjwa ule. Aliyeuona anaujua, na asiyeuona namwombea asiuone. Bwana Afya alitoka alfajiri na kurudi miguu imevimba, mama akimwekea maji ya chumvi.

Mgonjwa wa kwanza mtaani kwetu alikuwa mpagazi wa bandarini, kijana mwenye nguvu na maneno mengi. Hakufa. Bwana Afya alimkuta amelazwa, sauti imekauka, akamwuliza kama alivyowauliza wote.

"Ulianza lini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Na maji unakunywa wapi?"

"Popote. Kisimani pwani. Ijumaa nakunywa kwa Koko."

Koko maana yake ni bibi. Huyu alikuwa bibi wa mtaa wote, mjane, nyumba yake inatazamana na yetu, na birika lake lilikuwa ndilo zuri kuliko yote Badjanani. Kila Ijumaa watu wakitoka msikitini mchana, waliukuta mtungi wake mlangoni, maji ya baridi yenye majani ya mlimau, na bakuli moja la kuchotea. Ilikuwa sadaka ya marehemu mumewe. Nimeinywa tangu sijui kusoma.

Sasa, kwetu na kwa Waislamu wote niliokaa nao, usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likizama, usiku wa Ijumaa umeshaingia. Mtoto wa chuoni analijua hilo. Bwana Afya alilijua vilevile. Lakini ripoti za ofisi ziliandikwa kwa Kifaransa, na Mfaransa huweka usiku nyuma ya mchana. Amezunguka nyumba ngapi siku ile, hajala, anakaa kuandika, akayahamisha maneno ya mpagazi neno kwa neno: usiku, wa, Ijumaa. Mpagazi aliyeugua kabla ya Ijumaa kupambazuka, kwenye karatasi akawa ameugua baada ya Ijumaa kwisha. Amekunywa kwa Koko mchana, ameanguka usiku. Uzi ukapita, na shanga ya kwanza ikawa birika la Koko.

Wakaja watu wa ofisi na saruji. Walilitia dawa birika, kisha wakaliziba mdomo. Koko alisimama uani na mkanda wa nguo umefungwa kichwani.

"Wanangu," aliwaambia, "maji haya mume wangu ameyanywa mpaka siku ya kufa kwake."

Mtu mmoja kati ya watazamaji alicheka. Koko akasikia neno lake lilivyogeuka, akaingia ndani. Kwa maisha yake yote yaliyobaki nadhani hakuyasahau maneno yale wala kicheko kile.

Alikuwa na binti mmoja, Sitti, mtarizi wa kofia. Ukimwona kibarazani kwao usingeona uso, ungeona kofia na sindano na mdomo unaojibu utani bila kichwa kuinuka. Birika lilipozibwa, majirani waliogopa kuwapa maji, kwa sababu hakuna aliyetaka chombo cha nyumba ile kiguse chake. Basi Sitti akawa anateremka kisimani pwani, kile kisima cha maji ya chumvichumvi ambacho wapagazi walikuwa wakinywa na kuogea. Ugonjwa ulikuwa huko. Ulikuwa huko tangu mwanzo, na kwa vile watu waliamini umeshafungiwa kwa Koko, hakuna aliyekitazama kisima. Sitti aliugua na siku ya pili yake tukamzika.

Bangwe walisema, "Mmeona? Maji ya mama yake."

Koko naye akasema hivyohivyo. Alihesabu kwamba mwanawe alikuwa ameyanywa maji yale tangu utotoni, na kwamba yalikuwa yamemkaa tumboni yakingoja. Matanga hayajaisha, akaanza kuzunguka nyumba zilizofiwa, moja baada ya nyingine, kuomba radhi. Alifika hata kwetu, ingawa kwetu hakufa mtu. Mama alimshika mikono, akamketisha. Bwana Afya alikuwa juu. Alikisikia kilio chake ngazini na hakushuka, na wakati ule hakuwa na sababu ya kushuka ila huruma, kwani aliamini karatasi yake.

Mwisho wa mwaka ule nikaondoka. Nilisema nakwenda Unguja kutafuta kazi kwa mjomba. Ukweli ni kwamba sikuweza kukipita tena kibaraza kile cha Sitti.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Serikali ya mapinduzi ikaingia, vijana wa shule wakapewa mamlaka, wafanyakazi wa serikali wakaachishwa, na karatasi za ofisi zikachomwa moto hadharani. Mama alisema Bwana Afya alikwenda kuutazama moto ule na kurudi na majivu kwenye kofia. Mama alimpa pole ya kazi. Akamwambia kazi si kitu. Amekuja kuaga, ila ana jambo moja la kumaliza hapa mtaani. Hakumwambia ni lipi. Alikaa juu mwezi mzima bila mshahara, mama akimlisha, na jioni moja akafunga mzigo wake na kurudi Nzuani.

Miaka mingi ilipita kabla sijarudi Moroni kukaa kwa muda wa kutosha kuitwa nimerudi. Mama ameshazeeka. Wakomoro waliofukuzwa Madagaska wameshajenga, mtaa una sura nisizozijua. Koko alikuwa hai, kitandani, mwembamba kama fito. Birika lake lilikuwa bado limezibwa na saruji ileile. Nilikwenda kumsalimia kwa kwezi, ndiyo shikamoo ya kwetu, na mbona ndiyo marahaba yake.

"Kwezi, Koko."

"Mbona, mwanangu. Wewe ndiye wa safari?"

"Ndiye mimi."

"Hujachoka?"

"Nimechoka."

Alinishika mkono, akaniuliza kama bado mpangaji wetu yu hai. Nilimwambia nasikia yuko Mutsamudu kwa binti yake. Akasema, "Utakwenda huko siku moja. Wewe huwezi kutulia. Ukimwona, niombee radhi. Alikuja hapa mlangoni, wakati wa vijana, nikamfungia. Alibisha, akaniita, nikasoma Yasin kwa sauti ili nisimsikie. Nilikuwa na hasira naye kwa ajili ya birika. Mtu aliyekuja kuwaokoa watu na maji yangu, nikamfungia mlango. Sijawahi kupata raha kwa hilo."

Nilimwahidi. Haukupita muda akafariki, na nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Mutsamudu nilikwenda kwa biashara ya karafuu, na baada ya Adhuhuri nikaulizia nyumba yake. Mji wa zamani wa Mutsamudu una vichochoro kama vyetu, ila kwao unasikia maji yanapita mahali fulani. Binti yake alinifungulia, mwanamke mtu mzima, akamwita. Akatoka ndani amepungua sana, vidole bado vya manjano.

Alinikaribisha na kunihoji kama zamani. Boti niliyokuja nayo wamepika nini? Nimelala nyumba gani? Maji ya kunawa yalikuwa ya bomba au ya ndoo? Nilicheka, naye akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka.

"Umetoka Badjanani," alisema. "Nataka kukuuliza neno ambalo nimengoja mtu wa kumwuliza. Koko alipoambiwa, alisema nini?"

"Aliambiwa nini?"

Alinitazama akidhani namtania. "Kwamba haikuwa maji yake."

Ndipo akanisimulia, na ndipo mimi nilipolijua kosa ambalo wewe msomaji umeshalijua. Wakati wa vijana, alisema, alikuwa bangwe na yule mpagazi akijisifia alivyomshinda kipindupindu. Alieleza jinsi alivyokuwa hoi Ijumaa ile, akasikia watu wanakwenda msikitini na yeye hawezi kuinua shingo. "Ijumaa hiyo hukunywa kwa Koko?" Bwana Afya akamwuliza. "Ningekunywaje, na nilishaanza usiku wa Ijumaa? Si nilikwambia?" Bwana Afya akainuka palepale. Akaenda kwa Koko, hakufunguliwa. Ofisini hakuwa na mtu wa kumwambia, na karatasi ya kusahihisha ilikuwa imechomwa. Basi akasimama katika msikiti wa mtaani baada ya Alasiri na kuwaambia wanaume wote: nilikosea, maji ya Koko yalikuwa safi, ugonjwa ulikuwa kisimani.

"Wakasemaje?"

"Kijana mmoja wa kamati akaniambia, mzee, kazi huna, unatafuta nini? Na yule imamu, unamkumbuka? Akasema, ulipokuwa na muhuri ulituambia ni maji yake. Sasa huna muhuri unatuambia si maji yake. Tukuamini wakati gani?" Akavuta sigara. "Lakini nilijua wamesikia. Nikasema moyoni, Badjanani neno halilali nje. Kabla ya Magharibi litakuwa limefika kwake kwa midomo ya wake zao. Nikaondoka nikiwa na imani hiyo."

Halikufika. Mama yangu hakulijua, na dirisha la mama yangu hutazamana na la Koko. Nadhani kila mwanamume alidhani mwenzake atasema, au aliona aibu kwenda kumwambia mkewe kwamba bibi waliyemtenga walimtenga bure. Nadhani tu. Wengi wao wameshakufa na siwezi kuwauliza.

"Hakuambiwa, Bwana," nilisema. Na kwa kuwa nilikuwa na amana ya Koko, nikaongeza, "Amenituma kwako."

Nililisema vibaya. Alilisikia kama lilivyosemwa, kwamba kuna mtu hai aliyemtuma mtu. Alisimama haraka kuliko nilivyotarajia kwa umri wake na kumwita binti yake.

"Kanzu yangu. Boti ya Moroni inaondoka lini?"

"Boti gani, Baba?"

"Nakwenda mwenyewe. Safari hii nitasimama mlangoni mpaka asome Yasin zote anazozijua, akimaliza nitamwambia."

Binti alileta kanzu. Yeye akaanza kuivaa pale pale mlangoni, na mimi nikamshika kiwiko.

"Bwana, tumeshamzika."

Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia.

"Kabla hajafariki aliniagiza nikuombee radhi. Kwa kukufungia mlango. Alisema wewe ulikuja kuwaokoa watu na maji yake."

Kwetu, radhi ya maiti haiachwi hewani. Anayeombwa hujibu kwa ulimi, waliopo wasikie, ndipo tunasema amepumzika. Asipojibu amemshikilia huko aliko. Bwana Afya alilijua hilo, na binti yake pia, aliyekuwa amesimama na upande wa pili wa kanzu mikononi.

"Nimsamehe nini?" aliniuliza. "Mimi nimsamehe nini yule?"

Alimtazama binti, kisha mimi, kama anayetafuta mwingine wa kujibu badala yake. Kukataa ni kumfunga Koko. Kukubali ni kusema kwamba Koko alikuwa na kosa, na hilo ndilo neno alilokuwa amesimama mbele ya msikiti mzima kulifuta.

"Baba," binti yake akasema taratibu, "mjibu."

"Nimemsamehe," akasema. Alilisema mara moja, kwa sauti iliyosikika. Kisha akakaa chini kizingitini, kanzu ya safari mkono mmoja umevaa na mwingine haujavaa, na binti yake akainama asijue aivute kanzu ile kumvisha au kumvua.